Tucheke Mabao, Tusicheke Mji

Tarehe 2 Julai 2022 nilikuwa jukwaani katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, kutazama fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kati ya Yanga na Coastal Union ya Tanga. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimekulia Makorora, na wakati huo nilikuwa na mwaka wa tano nikifundisha Historia na Kiswahili katika shule moja ya sekondari mkoani Arusha. Mechi ile sitaisahau. Coastal, timu ambayo wengi waliitabiria kufungwa mabao mengi, ilikwenda na Yanga hadi dakika ya 120 matokeo yakiwa 3-3. Mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman, maarufu kwa jina la Sopu. Ikaja mikwaju ya penalti. Yanga wakashinda 4-1 na kuondoka na kombe lao.

Kufungwa si msiba. Anayekwenda uwanjani aende amejiandaa kwa yote mawili. Kilichonifanya niandike makala haya kilitokea nje ya geti.

Tulipokuwa tunatoka, kundi la vijana wa upande wa pili lilianza kutuzomea. Mwanzoni waliimba juu ya penalti zetu, na hapo hata mimi nilicheka, maana zile penalti zilichekesha kweli. Kisha maneno yakabadilika. Mmoja akauliza kwa sauti kubwa kama tuna nauli ya kurudi. Mwingine akamjibu, "Watoe wapi, wakati mji wenyewe ulishakufa!" Wa tatu akatuambia tuwahi kurudi tukalale, kwa kuwa Tanga ni mji wa kulala: viwanda vimelala, bandari imelala, na watu wamelala pamoja navyo.

Baba yangu alifanya kazi kiwandani Tanga kwa miaka kumi na tisa. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na bahasha ya kaki mkononi, na ahadi ya mafao aliyoifuatilia mpaka mimi nikamaliza darasa la saba. Sikumbuki kumwona amelala mchana. Aliamka saa kumi alfajiri, akaendesha baiskeli hadi Deep Sea kununua samaki kwa wavuvi, akawapakia kwenye tenga na kuwazungusha Ngamiani, barabara moja hadi nyingine, mpaka waishe. Nguo zangu za shule zilinuka samaki na wenzangu walinicheka kwa hilo. Ada ililipwa.

Sasa utadhani niliwajibu wale vijana. Sikuwajibu. Muuza karanga mmoja aliyekuwa karibu aliniuliza, "Kaka, na wewe wa Tanga?" Nikamwambia hapana, mimi ni mtu wa Dar, nimekuja kutazama mpira tu. Nikanunua karanga zake, nikaondoka.

Ndugu mtahiniwa, wewe umesoma utani katika Fasihi Simulizi na pengine umeuona kwa macho yako kijijini kwenu. Unajua kwamba mtani hukuzodoa mbele ya wakwe zako, hukuchukulia kuku wako, hata kwenye msiba huja akamwigiza marehemu watu wakacheka katikati ya kilio. Lakini unajua pia kwamba mtani huyohuyo ndiye wa kwanza kushika jembe makaburini, na kwamba kesho zamu ni yako, utamzodoa yeye naye hatakasirika. Utani ni mkataba wa watu wawili. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi kwa sababu hiyo: leo huyu anafungwa, kesho yule, na kila mmoja ana siku yake ya kutamba na siku yake ya kuzima simu.

Kumcheka mtu kwa sababu mji wake umekosa kazi ni jambo jingine kabisa. Hana zamu ya kujibu. Akijibu kwamba timu yako imefungwa, hajajibu kitu. Bado wewe una mshahara naye hana. Tena timu inacheza vibaya kwa makosa ya timu, kwa hiyo icheke. Mji unaweza kuanguka kwa mambo ambayo muuza samaki wa Makorora hakuyapanga wala hakuulizwa. Watu wa Tanga huchekwa kwa mengine pia, majini, mahaba na baiskeli, na hayo siyajibu, isipokuwa la baiskeli: mji ni tambarare, baiskeli haili mafuta, na mwenye akili ya kawaida hahitaji maelezo zaidi.

Turudi kwenye kulala. Katika Historia ya Kidato cha Tatu mmesoma uchumi wa kikoloni, na bila shaka mmekariri kwamba mkonge ulilimwa Tanga. Mkonge haukuwa mmea wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache ukatoka utajiri uliokuja kuitwa dhahabu ya kijani. Mwaka huohuo wa 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, na ikafika Moshi mwaka 1911. Tulipopata uhuru mwaka 1961, mkonge ndio uliokuwa ukiongoza kuiletea nchi fedha za kigeni. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000, na hakuna nchi iliyotushinda duniani. Barabara, shule na zahanati nyingi zilizojengwa mbali kabisa na Tanga zina jasho la mkonge ndani yake, hata kama hakuna kibao kinachosema hivyo.

Soko la mkonge lilikuwa nje. Wakulima wa Ulaya na Marekani walinunua kamba zetu kufungia majani makavu ya mifugo, na wenye meli walinunua kamba nene. Kisha wenye viwanda huko wakaja na kamba za nailoni na za plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Zilikuwa rahisi, nyepesi, na hazikuoza. Bei ya mkonge ikaporomoka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa wakati bei ikiwa tayari inashuka, na mashirika yaliyokabidhiwa mashamba hayo hayakuweza kuyaendesha kwa faida. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa haufiki tani 30,000. Piga hesabu mwenyewe: katika kila tani nane za mwaka 1964, hata moja na robo haikubaki. Huku mjini, kiwanda cha mbolea kikafungwa, cha chuma kikafuata njia hiyo, na vingine vidogo ambavyo majina yake wanayajua wastaafu tu. Ulipofika wakati wa ubinafsishaji, vingi vilikuwa ni mapaa yanayovuja.

Nani alilala hapo? Mkata mkonge aliyekuwa shambani saa kumi na moja alfajiri akichomwa na miiba? Plastiki ilivumbuliwa bila yeye kuitwa kikaoni.

Kuna jambo la pili ambalo wanaozomea hawalijui, au hawakuambiwa. Wakata mkonge wengi hawakuwa wenyeji wa Tanga. Waliitwa manamba. Waliandikishwa Tabora, Kigoma, Iringa na Songea, wengine wakatoka Rwanda, Burundi na Msumbiji, na ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kama SILABU ilikuwa na kazi hiyo ya kuwakusanya na kuwasafirisha. Kazi ilikuwa ngumu, makazi mabaya, na malipo kidogo, sitaki kuipamba. Lakini kutokana na malipo hayo watu walirudi kwao na baiskeli, cherehani, bati la nyumba ya kwanza, mahari. Wengine hawakurudi, wakaoa Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wadigo, na wajukuu zao ndio majirani zangu. Kwa hiyo kijana wa Kigoma au wa Tabora anayesimama getini kuicheka Tanga kwa njaa, na akamuulize kwanza babu yake bati lile lilitoka wapi.

Nina lawama zangu pia kwa mji wangu, na sioni sababu ya kuzificha. Tumekaa sana vibarazani tukisimulia mwaka 1988 Coastal ilipokuwa bingwa wa Tanzania Bara. Kuna wazee wanaoweza kukutajia kikosi kile chote, na hawawezi kukutajia jina la diwani wao. Tulisubiri viwanda vifunguliwe kana kwamba vilikuwa na ufunguo uliopotea tu. Vijana waliomaliza shule walipanda basi kwenda Dar es Salaam na tukawaona kuwa ndio waliofaulu. Mapema miaka ya 2000 kundi la muziki la Wagosi wa Kaya, vijana wa hukohuko, lilitoa wimbo Tanga Kunani, likiuliza wazi mji umepatwa na nini. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Wimbo ulipigwa kila duka, na sikumsikia mtu aliyekasirika, maana aliyeuliza alikuwa na uchungu na mahali pale. Kwa hiyo siombi Tanga isisemwe. Kusemwa na mtu mwenye uchungu na kuzomewa na mtu anayetafuta kicheko ni mambo mawili, na mwanadamu hutambua tofauti hata akiwa hajui lugha.

Mwenzangu mmoja ofisini, shabiki wa Yanga na mtu mwema, alisoma rasimu ya makala haya akaniambia, "Mwalimu, huo ni mpira tu. Unalia lia." Ni hoja ya haki na nimeifikiria. Angekuwa sahihi kama maneno yale yangebaki uwanjani. Hayabaki. Mtu akisikia mara mia kwamba watu wa mji fulani ni wavivu, siku akiwa mkubwa wa ofisi na barua mbili za maombi ya kazi mezani, hatakumbuka alilisikia wapi, ila atalikumbuka.

Hata huko Uingereza, ambako wengi wenu mna timu zenu, mchezo huu upo. Liverpool ni mji wa bandari kama Tanga, ingawa mkubwa zaidi. Makontena yalipoanza kutumika, kazi za gatini zikapungua, viwanda vikafungwa, na katika miaka ya 1980 vijana wengi wa mji ule walikuwa hawana ajira. Mashabiki wa timu pinzani wakatunga nyimbo za kuwacheka kwa kukosa kazi, nao bado huziimba. Nimewahi kumsikia mwanafunzi wangu akiimba mojawapo kwenye kibanda umiza, kwa Kiingereza cha kukariri. Nilipomuuliza inamaanisha nini, alisema, "Sijui, mwalimu, ila inawauma." Kijana huyu baba yake hakuwa na kazi.

Tanga ya leo haifanani na ile wanayoizomea. Msimu wa 2023/24 Coastal ilimaliza ligi ikiwa nafasi ya nne, lakini hilo ni la mpira, tuliache. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mwisho wake ni Chongoleani, kaskazini mwa mji. Bandarini, ambako kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari, sasa kina kimeongezwa na meli zinafunga gatini. Wafugaji wadogo wa Muheza na Korogwe hupeleka maziwa kila asubuhi kwenye vituo vya kukusanyia, na maziwa hayo yanauzwa mpaka Dar. Na huko Mlingano, wilayani Muheza, ndiko lilikotoka jina la mkonge chotara namba 11648, ambao leo hulimwa hadi Uchina. Sisemi kwamba bomba litamrudishia kila mtu kazi. Nimeona ahadi nyingi mno tangu bahasha ile ya kaki. Nasema tu kwamba mahali panapofanyika yote haya hapawezi kuitwa kaburi.

Shabiki wa Simba anayetucheka, kwa njia, aangalie mfuko wa saruji iliyojenga nyumba yao. Kama umeandikwa Simba, umetoka Pongwe, Tanga.

Hata lugha ya kutuzomea haikutoka mbali. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, kusini kidogo ya mji wa Tanga, mwaka 1909. Mnaojiandaa kwa mtihani wa Kiswahili mnalijua jina hilo vizuri, kama mnavyokijua Kimtang'ata katika orodha ya lahaja, ila sidhani kama wengi wenu mmewahi kujiuliza watu wanaokisema wanaishi wapi na wanakula nini.

Mwaka jana nilitoa zoezi la insha, kichwa "Nyumbani kwetu." Msichana mmoja wa Kidato cha Nne, hodari sana wa lugha, aliandika juu ya Mlima Meru, baridi ya Juni na migomba nyuma ya nyumba. Insha nzuri. Lakini mimi ndiye niliyempokea alipohamia, na fomu yake inaonyesha ametokea Muheza. Baada ya vipindi nilimwita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hii migomba ni ya kwenu?"

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ni ya mama mdogo, mwalimu. Tanga nikiandika, wavulana wananiita jini. Wanasema kwetu hakuna kazi, watu wanaishi kwa uchawi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia na sikusema hata moja, kwa sababu nilimkumbuka muuza karanga. Siku iliyofuata niliingia darasani nikawasimulia wote kisa kile tangu penalti ya kwanza hadi niliposema mimi ni mtu wa Dar. Walicheka sana, na wale wavulana walicheka kuliko wengine. Walikuwa na haki. Mtu mzima kuukana mji wake mbele ya karanga za mia tano ni kichekesho. Walipotulia niliandika ubaoni takwimu za mkonge, za 1964 na za miaka ya 1990, nikawataka waniambie kilichotokea katikati. Dakika arobaini hazikutosha. Kijana mmoja kati ya wale waliokuwa wakimwita mwenzao jini aligundua, baada ya kumpigia bibi yake simu jioni, kwamba babu wa babu yake alikuwa manamba Korogwe.

Msichana yule aliomba kuandika insha upya. Nilimkubalia. Aliandika juu ya bibi yake anayefunga dumu la maziwa kwenye baiskeli kabla jua halijatoka, njia ya vumbi kati ya mikonge, na kituo cha maziwa ambako akina mama hupanga foleni huku wakibishana habari za mpira. Nilimpa 17 kati ya 20. Alama mbili nilizikata kwa tahajia, na moja kwa sababu aliandika kwamba fainali ile ya Arusha ilishindwa na Coastal.